Mawe Yanayozungukwa

Nilikuwa bado sijaanza shule siku babu aliponishika mkono pale kwenye kivuko cha Kamanga, nikamuuliza juu ya jiwe la Bismarck lililokuwa mbele yetu majini: mbona halianguki? Aliliangalia kwa kitambo, kofia ikiwa mkononi, kisha akanijibu kwa maneno mawili ambayo nimeyabeba hadi leo. "Limeambiwa likae."

Jibu la wanajiolojia nililipata baadaye sana, nalo pia ni zuri. Miamba ya Mwanza ni itale iliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita. Uzito wa ardhi iliyokuwa juu yake ulipopungua, mwamba ukapasuka kwa mistari iliyokatana kama matofali. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa, yakala pembe kwanza, maana pembe hushambuliwa na maji kutoka kila upande, hadi matofali yale yakawa mviringo yangali yamefukiwa. Kisha mvua za maelfu kwa maelfu ya miaka zikachukua udongo laini na kuuacha mwamba mgumu. Mawe yakabaki yamepangana pale pale yalipozaliwa. Hakuna aliyeyabeba kuyaweka juu. Yamepandana kwa sababu hayajawahi kutengana.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika Jimbo la Mon nchini Myanmar, jiwe letu lina ndugu. Juu ya mlima Kyaiktiyo, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana sana na cha ziwa letu, pande kubwa la itale limekaa ukingoni mwa mwamba kana kwamba litaporomoka leo jioni. Ila lenyewe limefunikwa dhahabu lote. Mahujaji hubandika karatasi za dhahabu, nyembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi, moja juu ya nyingine, kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo wameachiwa wanaume. Wanawake husali kando bila kuligusa, jambo ambalo linanihuzunisha na sitalificha. Juu ya jiwe umejengwa mnara mdogo wa mita 7 hivi. Wenyeji husimulia kwamba Buddha alimpa mtawa mmoja unywele wake, naye akauficha ndani ya shungi la nywele zake kwa miaka mingi. Alipozeeka akamwomba mfalme amtafutie jiwe lenye umbo la kichwa chake yeye mtawa, ili auhifadhi hapo. Jiwe likapatikana chini ya bahari, likasafirishwa kwa mashua hadi mlimani, na mashua yenyewe ikageuka jiwe. Unywele mmoja, wasema waumini, ndio unaolishikilia jiwe zima.

Babu hakuwahi kusikia habari za Kyaiktiyo, lakini nadhani angeielewa hadithi hiyo kuliko mimi.

Itale ni ile ile, na mizani ni ile ile. Moja tunalipiga picha jua linapozama, tunalichapa kwenye fulana na kalenda, na kwa zaidi ya miaka mia tumeliacha likiitwa kwa jina la chansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kuliona. Jingine watu wanapanda mlima usiku kulifikia. Nimeandika sura hii kwa sababu naamini tofauti hiyo haimo ndani ya mawe. Imo mikononi na miguuni mwa watu, na hakuna mahali nilipoiona kwa uwazi zaidi kuliko kwa Wabuddha wa njia ya tantra, watu wa Tibet, Nepal, Bhutan na Mongolia, ambao wamelifanya jambo hili kuwa elimu kamili.

Tuanze na stupa, mnara wa aina ya ule ulio juu ya jiwe la Kyaiktiyo. Buddha alipofariki mwili wake ulichomwa, na kwa mapokeo ya Wabuddha mabaki yakagawanywa sehemu nane, kila sehemu ikafukiwa chini ya tuta. Tuta hilo ndilo stupa. Huko Sri Lanka likapanda na kuwa kuba jeupe kubwa kama kilima, Tibet likawa mnara wa ngazi wenye kuba na kilele, lakini asili yake haikubadilika: ni kaburi lisilo na mlango. Msikiti una ndani, kanisa lina ndani, hekalu la Kihindu lina ndani. Stupa kwa kawaida haina ndani ya kuingia. Mtu akifika hana pa kuketi wala pa kujificha na mvua. Anachoweza kufanya ni kuizunguka, mkono wake wa kulia ukiwa upande wa mnara, mara tatu, mara mia, siku nzima akitaka. Msomaji aliyehiji Makka atakumbuka kwamba katika tawafu Al-Kaaba huwa upande wa kushoto. Mwelekeo unatofautiana, ila mwili unafundishwa somo la aina moja: kwamba kitu cha maana kiko katikati, na si wewe.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya stupa ya Boudhanath, jijini Kathmandu. Alikuwako mwanamke maskini, mfuga kuku, aliyewalea wanawe wanne kwa kipato cha mabawa na mayai. Alipodunduliza vya kutosha akaenda kwa mfalme kuomba ardhi ya kumjengea Buddha mnara. Mfalme akamuuliza anataka kiasi gani. Akajibu: kiasi cha ngozi moja ya nyati. Mfalme akakubali mara moja, maana ngozi moja ni nini? Mwanamke akaenda nyumbani, akaikata ngozi ile ukanda mmoja mwembamba usiokatika, akauzungushia eneo kubwa. Matajiri wakapandwa na hasira. Kama mfuga kuku anajenga mnara wa namna ile, wao wajenge nini ili waonekane? Wakamtaka mfalme amnyang'anye. Mfalme akasema kinywa chake kimekwisha kutoa ruhusa, na kinywa cha mfalme hakirudi nyuma. Kwa Kitibeti stupa hiyo hadi leo ina jina linalotokana na jibu hilo. Mwanamke akafa kazi haijakwisha, wanawe wakaimalizia, na mapokeo yanasema wanne hao walizaliwa tena kuwa watu walioupeleka Ubuddha Tibet, akiwemo mfalme Trisong Detsen na Padmasambhava, yule mwalimu mkuu wa tantra wa karne ya 8.

Angalia ni nani aliyeanzisha. Angalia pia namna alivyoipima ardhi: kwa kuizunguka.

Tetemeko la Aprili 2015 lilipoipiga Nepal, kilele cha Boudhanath kilipasuka. Kilijengwa upya kwa michango, sehemu kubwa ikitoka kwa waumini wenyewe, pamoja na zaidi ya kilo 30 za dhahabu, na Novemba 2016 kikafunguliwa. Lakini matengenezo ambayo hunigusa zaidi ni yale yasiyoandikwa magazetini. Kuba lile jeupe hupakwa chokaa tena na tena, kisha wachoraji wasiotumia brashi hupanda juu na ndoo za maji ya manjano. Mmoja anarusha ndoo kwa mkono uliozoea, maji yanapaa hewani na kutua juu ya weupe yakiwa upinde mmoja, kama petali ya yungiyungi. Anasogea hatua chache, anarusha tena. Jua na mvua zitaufuta upinde huo, naye anajua. Juu yake macho mawili makubwa yaliyochorwa kila upande wa mnara yanatazama, na chini umati unazunguka: vikongwe wenye tasbihi za punje 108, watoto wa shule, wauza mboga waliopitia kidogo kabla ya kufungua biashara, kila mmoja akipitisha mkono kwenye magurudumu ya sala yaliyojaa karatasi zenye maneno matakatifu.

Sasa hilo neno tantra. Kwa Kisanskriti ni neno la mfumaji. Linahusu nyuzi za mtande, zile zinazotangulia kutandazwa kabla ya mshindio kupita. Njia hii ilichipuka India, ikashamiri kuanzia karne ya 7 hivi, na waalimu wake hawakudai kuleta Buddha mwingine. Walileta zana. Wakasema mtu ni mwili, kauli na nia, kwa hiyo ibada itumie vyote vitatu: mikono iwe na ishara zake, ulimi uwe na mantra yake, yaani maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa, na akili iwe na mandala, yaani ramani ya ulimwengu uliotakasika, ambayo mtu anajifunza kuiona ndani ya macho yaliyofumbwa. Wakasema pia kwamba zana hizo haziokotwi njiani. Lazima mwalimu akuingize, akupe ruhusa, akufuatilie.

Kwa Msukuma hapo hakuna kigeni. Vyama vya kale vya Usukumani, kama Bayeye wanaocheza na nyoka, au Bagika na Bagalu waliotokana na mashindano ya waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19, navyo vina mlango wa kuingilia, mwalimu, viapo na dawa ambazo mtu hapewi kwa sababu tu amezitamani. Elimu inayopita mkononi kutoka kwa mtu hadi mtu haitaki kupigiwa kelele sokoni.

Hata hivyo najua kinachotokea nikimwonyesha mtu wa kwetu picha ya kihekalu cha Tibet. Anaona sura zenye macho makali, meno nje, ndimi za moto, mkufu wa mafuvu ya watu, anasema: uchawi huu. Naomba hapa tusimame kidogo. Kanda yetu inajua bei ya neno hilo. Bibi wazee wameuawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni walikowapikia wajukuu wao. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa neno la waganga wa uongo. Mtu wa Mwanza anayelirusha neno uchawi juu ya asichokifahamu anacheza na wembe ambao umekwisha kukata watu. Sura zile za kutisha, kwa wanaozitumia, ni huruma iliyokasirika: ni mama anayemkaripia mtoto aliyekaribia moto. Mafuvu ni ukumbusho kwamba utakufa, na moto unachoma ujinga. Mwenye kusali mbele ya sura hizo hatafuti mtu wa kumdhuru. Anachotakiwa kukiua ni ubinafsi wake mwenyewe.

Na kazi yenyewe ni ya jasho. Katika shule nyingi za Tibet, mwanafunzi hutakiwa kutimiza kwanza sijda 100,000. Anaunganisha viganja, anavigusisha utosini, kooni na kifuani, kwa ajili ya mwili, kauli na nia. Anapiga magoti, anajinyoosha kifudifudi mzima mzima sakafuni, anainuka. Hiyo ni moja. Wengine huchukua miezi, wengine miaka, mbao za sakafu zikilainika chini ya viganja vyao.

Baadaye huja sadaka ya mandala, nayo nataka kuieleza polepole kwa kuwa haihitaji kitu ambacho hakimo jikoni kwako. Mtu anakaa na kitambaa mapajani, mchele ukiwa umerundikwa juu yake. Mkono wa kushoto unashika sahani bapa. Kwa kifundo cha mkono wa kulia anaifuta sahani kwa kuizungusha, kama anayeondoa vumbi, na kumbe anaifuta akili yake. Kisha anachota mchele, anaweka fungu moja katikati: huo ni mlima Meru, nguzo ya dunia. (Jina limefanana tu na la mlima wetu wa Arusha, ila mimi husikia vizuri kila nikilitaja.) Anaweka mafungu manne pande nne, hayo ni mabara. Mafungu mawili zaidi, jua na mwezi. Dunia nzima na vyote vilivyomo sasa iko juu ya sahani, naye anaiinua na kuitoa, haidai. Kisha anainamisha sahani kuelekea kifuani, mchele wote unamwagika mapajani kwa ule mlio mdogo wa mvua juu ya majani ya mgomba. Anaifuta sahani. Anaanza upya. Hiyo nayo ni mara 100,000.

Kisiwani Java, karne ya 9, watu walijenga sahani hiyo kwa mawe. Borobudur ni mandala ya kutembelea kwa miguu: ngazi za mraba chini, za duara juu, michoro ya kuchongwa 2,672 ukutani, na kileleni stupa 72 zenye matundu, ndani ya kila moja Buddha ameketi. Wasomi wanabishana ni kiasi gani cha tantra kimo ndani ya mpango wake, lakini miguu haibishani. Ukiufuata ukuta kwa mkono wa kulia ngazi baada ya ngazi, umepanda bila kujua ni lini ulipoanza kupanda.

Kilichonishangaza zaidi nilipoanza kusoma habari hizi ni kile kinachowekwa ndani ya stupa ya Kitibeti kabla haijafungwa. Katikati husimamishwa nguzo ya mti, wanayoiita mti wa uhai, iliyoandikwa mantra, na upande wake uliokuwa juu mti ulipoota hubaki juu. Pembeni hujazwa karatasi za sala zilizoviringishwa kwa nguvu, nafaka, masalia ya walimu, na vibao vidogo vya udongo vilivyopigwa muhuri, ambavyo baadhi vimechanganywa na majivu ya marehemu. Halafu panafungwa, na malama, yaani walimu wa dini, hukaa kuliweka wakfu jengo kwa sala. Kazi nzuri kuliko zote imefichwa mahali ambapo hakuna jicho litakaloiona tena. Bila hiyo, husema, mna tofali na chokaa tu. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka babu. Limeambiwa likae.

Kuna pia mawe ya mani, vibao vya mawe vinavyochongwa silabi sita za mantra ya huruma na kurundikwa njiapandani hadi vinakuwa kuta ndefu. Wachongaji hukaa chini na nyundo na patasi siku nzima. Mlio huo naujua. Ni mlio wa vilima vya Mwanza mchana, akina mama wamekaa chini ya turubai wakigonga itale kuwa kokoto, ndoo kwa ndoo, ada ya mtoto, kodi ya chumba. Jiwe letu linavunjwa lilishe watu, na sithubutu kusema kwamba hiyo si ibada.

Ubuddha wenyewe haukukosa kabisa kufika kwetu, ingawa ulifika kwa njia nyingine, ya Theravada, ya watawa wa Sri Lanka na Thailand, ambayo haina mafuvu wala mandala. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, na uani kuna mti wa Bodhi, ndugu wa mikuyu yetu, unaohesabiwa kuwa wa ukoo wa ule mti mkongwe wa Anuradhapura. Na kwenye ufukwe wa ziwa letu hili hili, Garuga karibu na Entebbe, kuna Kituo cha Ubuddha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyezaliwa 1966, akaenda kusoma India mwaka 1990, akakutana huko na watawa wa Thailand, na mwaka 2002 akapewa utawa Marekani. Amesimulia jinsi watu wa kwao walivyoliona bakuli lake la kupokelea chakula wakadhani ni ngoma. Nimelipenda kosa hilo. Watu wa ziwa hili wakiona chombo cha mviringo kimebebwa kwa heshima, wanajua kuna jambo la mizimu au la mfalme. Walichokosea ni aina ya chombo tu.

Maana pwani za ziwa hili hazijapungukiwa mahali patakatifu. Visiwani Ssese lipo hekalu la Mukasa, mwenye maji haya, ambaye upande wetu wa Ukerewe na Buhaya huitwa Mugasa au Mugasha. Kisiwani Ukara kuna Nyaburebeka, jiwe linalocheza, lenye watunzaji wake na masharti yake. Kasubi, Kampala, nyumba ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882 na kuwa kaburi la Kabaka Muteesa wa Kwanza, iliteketea Machi 2010, na Waganda wakairudisha fito kwa fito. Na Usukumani, katika miji mingi ya zamani, palikuwa na vijumba vidogo vya masamva, mababu, urefu wa goti au kiuno, vilivyoezekwa nyasi, ambako unga wa mtama ulichanganywa na maji na kunyunyizwa alfajiri. Havikujengwa vidumu. Nyasi huoza kwa masika mawili matatu, kwa hiyo kila baada ya muda mtu alilazimika kuamka, kukata nyasi mpya, kukumbuka majina, na kuezeka. Zamani niliona huo ni udhaifu wa ujenzi. Leo naona ndiyo ilikuwa maana yake, sawa na upinde wa maji ya manjano juu ya kuba la Boudhanath.

Kijumba cha babu kilianguka mwaka uliofuata kifo chake. Hakuna aliyekibomoa, na hakuna aliyekiezeka. Sote tulikuwa watu wa kanisa. Yalibaki mawe matatu ya itale, madogo, katikati ya uwanja.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Alfajiri nikamkuta shangazi akifagia, ameinama, ufagio wa chelewa ukichora mistari kwenye vumbi. Alipofika kwenye mawe hakuyasogeza. Alipita pembeni yake, akaendelea hadi nyuma, akarudi mbele, mpaka pakawa safi pande zote.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeamka?"

"Nimeamka. Shangazi, mbona mawe haya hamyaondoi? Yanakupa kazi kila siku."

Aliyatazama kana kwamba ndiyo kwanza ameulizwa.

"Ni ya baba," akasema, akainama tena.